Badilihai Yatolewa Kiotani

1.

TANGAZO KWA WACHANGIAJI WA MZINGA

Mzinga ni jukwaa la programu huria: kila kipande huchomekwa na kuchomolewa peke yake. Vipande vipya hulelewa kwanza Kiotani. Kilichomo Kiotani kisitumike popote penye maisha ya watu.

Ijumaa, Kamati itapiga kura ya kukipandisha daraja kipande kiitwacho Badilihai. Mwandishi: Sekela Mwakalinga, Mbeya.

2.

Msomaji, Sekela ndiye huyo, amesimama jikoni kwake Uyole, simu mkononi, chai inapoa. Badilihai yake humwezesha mtu kubadilisha kipande kimoja cha mfumo bila kuuzima mfumo wenyewe. Ni kama kubadilisha figa moja chungu kikiwa motoni. Wengi walimwambia haiwezekani. Ameiatamia miaka miwili.

3.

*Habari za kazi, dada Sekela. Mimi Ambakisye, fundi wa vifaa hospitalini, huku milimani. Badilihai yako tumeiweka kwenye mashine inayochunga pumzi za watoto njiti. Zamani tukitaka kuboresha chochote tulizima yote. Sasa hatuzimi. Mungu akubariki sana.*

4.

Kwanza alifurahi. Tusimsingizie; alifurahi mpaka akacheka peke yake. Kisha akausoma ujumbe upya.

Watoto njiti.

Akafungua kompyuta, akatengeneza wodi ya uongo: pumzi za kuigiza, kengele ya kuigiza. Akabadilisha kipande cha kengele huku mfumo ukiendelea. Halafu akazikata pumzi. Kengele ikalia. Akarudia. Ikalia. Akarudia.

Kimya.

Hata kosa halikuandikwa kwenye skrini. Kila taa ya kijani, na

kimya.

5.

Wanjala, mwenyekiti wa Kamati, kwa simu kutoka Kisumu, baada ya kuelezwa habari ya kengele:

"Sekela, yai linapasuka leo, wewe unalirudisha chini ya kuku?"

"Halijakomaa, Wanjala."

"Ni tatizo la nadra. Tupitishe kwanza, turekebishe baadaye. Wafadhili wanatutazama."

"Huko hospitalini hakuna baadaye."

Wanjala alivuta pumzi ndefu. "Ukiitoa kwenye kura, huenda wasiirudishe tena. Unajua?"

"Najua."

Hakujua. Alisema tu.

6.

"Kaka Ambakisye, kuna kipande mlichobadilisha karibuni?"

"Jana, dada. Kile cha kengele. Kimekubali vizuri kabisa."

"Usiiamini hiyo mashine. Waambie wauguzi wawachunge watoto kwa macho, sasa hivi. Nakuja na toleo la zamani la mfumo, lisilo na Badilihai."

"La zamani si mpaka tuzime?"

"Ndiyo."

"Dada, na wewe ulisema hakuna tena kuzima..."

"Nilisema. Nakuja."

7.

TAARIFA

Badilihai imeondolewa kwenye kura. Sababu: kengele inaweza kunyamaza baada ya kubadilishwa. Aliyeomba iondolewe: mwandishi wake.

*Maoni:*

— Angeacha Ijumaa ipite kwanza.

— Wewe una mtoto?

— Itarudi lini?



8.

Wodini kulikuwa na joto la kulelea. Wauguzi wakagawana vitanda, na kila mama akaambiwa amwekee mwanawe kiganja kifuani mpaka mashine iwake tena. Mmoja wao, Atupele, alikuwa na mapacha. Akamtazama yule mgeni mwenye begi la kompyuta.

"Wewe daktari?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyeandika programu iliyoharibu kengele."

Sekela alingoja kufukuzwa. Atupele alimkazia macho. Kisha akafunua khanga, akaushika mkono wa Sekela na kuuweka juu ya kifua cha pacha aliye mdogo zaidi.

"Basi huyu msikilize wewe. Mimi namshika nduguye."

"Mpo tayari?" Ambakisye aliuliza.

Wauguzi wakainamia vitanda. Akazima.

Skrini zikawa nyeusi, moja baada ya nyingine. Chini ya kiganja cha Sekela kitu chepesi kikapanda. Kikashuka. Aliwahi kuandika maelfu ya mistari kuhusu pumzi, hakuwahi kuishika.

Kikapanda.

Kikashuka.

"Bado," Ambakisye alisema. "Ndiyo inaanza kuwaka."

Sekela hakuinua uso. Aliinamisha sikio karibu na midomo ile. Kifua kikapanda tena.