Nyama Iliyorudi Majini

Shemeji yangu Patrice alikuja tena na maneno yake: tufanye matanga ya Albert, tumalize. Albert ni bwana yangu. Alienda Lulimba kuchimba zahabu, binti yetu Nadège akiwa bado mugongoni. Shimo likaanguka, bakasema alikuwa ndani. Mwili habakuuona. Mi nikakataa. Muntu hazikwi kwa habari ya njiani. Kila jioni nilipika na sehemu yake.

Siku ile ile Nadège akarudi kutoka soko ya Baraka na telefone yake. Kwa bale benye banawekeaka bantu miziki katika telefone, alikuta filme yenye nimemusimulia tangu utoto: nyama kubwa, munyama wa kutisha, inatoka ziwani, inakanyaga muji. Baba yake ndiye aliitafsiri katika nyumba ya video, mikro mukononi.

Tukakaa mulangoni kuangalia. Ee Mungu wangu, uongo gani huu! Nyama yenyewe ni muntu amevaa mpira, hata zipu ya mugongo inaonekana. Manyumba ni makarton. Gari inaruka, unaona kamba yenye inaivuta. Nadège alicheka mpaka machozi, akauliza kama kweli tulikuwa tunaogopa. Nikamwambia bamama bazima balikimbia bakaacha viatu.

Lakini mi nilisikia kitu ingine. Kwa kila picha, maneno ya Albert yalirudi. Ile lugha ya filme hakuijua hata kidogo, alikuwa anatunga tu. Nyama ikinguruma, yeye anasema inauliza bei ya samaki ndagala. Baaskari bakikimbia, anabaelekeza Lubondja, kule kuko mihogo. Nilimupenda kwa ule mudomo. Nimeutamani miaka yote hii, hata ugomvi wake nimeutamani.

Na mwisho niliujua vizuri. Nyama inageuka, inaingia majini mpaka kifua, Albert anasema: "Inarudi kwao, muke yake amepika." Hapo anazima groupe, ile mashini ya umeme, giza linaingia, tunaenda kulala tumefurahi.

Telefone haikuzimika. Nyama ikaingia majini mpaka kifua, halafu ndege ya vita ikaja, ikaipiga. Ikaanguka. Maji yakaifunika, maandishi yakaanza kupanda.

Kumbe Albert alijua, na kila mara alituzimia kabla ile kitu ifike, turudi nyumbani na roho nyepesi. Muongo mukubwa yule. Angekuwa hapa ningemupiga na kitenge, halafu ningemushika nisimuache.

"Mama," Nadège akauliza, "kumbe ilikufa?"

Maneno ya baba yake yalikuwa tayari mudomoni mwangu. Yamekaa pale tangu Lulimba.

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Ilikufa."

Nikalia, kile kilio chenye nilimunyima Albert miaka yote. Nadège akaelewa, akanishika, akalia pia. Tulipomaliza nikamutuma kwa baba yake mudogo Patrice, amwambie matanga tutafanya.

Jioni ile nilipika chakula cha bantu babili.