Patasi Iliyokwenda na Marehemu

Mjini Masatepe, ambako hakuna kibaraza kisicho na viti viwili vya kubembea, Nubia hakuwa na kiti chake. Mfinyanzi hulia gaeni. Alikuwa amesuka vikalio vya viti vya watu maisha yake yote, na kila alipokalia kimojawapo, kwa ufupi wake, miguu ilining'inia kama ya mtoto kanisani. Fulgencio, mumewe, alimcheka miaka nenda miaka rudi. Mwaka huu akampima goti kwa kamba, akasema, "Haya, chako kinakuja, kifupi. Usininunie tena."

Akakata miguu ya kiti, akakata mikono, akachonga ndimi zote, zile ncha za mti zinazoingia kwenye matundu. Matundu yenyewe hakuwahi kuyatoboa. Moyo wake ulisimama akiwa na kikombe cha kahawa mkononi.

Nubia hakulia. Wengine walisema ana imani, wengine wakasema ana roho ngumu, na midomo ya watu haina kufuli. Ukweli ni kwamba alikuwa na ganzi mwili mzima, kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Wanawake walipomwambia amtilie marehemu kitu chake jenezani, alikwenda karakana akachukua kilichokuwa karibu, patasi nyembamba ya kutobolea matundu. Akaisukuma chini ya vidole vya marehemu, wakafunga.

Sasa ilikuwa mkesha wa sala ya mwisho ya matanga. Kesho wangeondoa maua na mishumaa mbele ya picha yake, na kila mtu pale alijua kwamba madhabahu ikiondolewa, marehemu naye anakwenda zake. Nubia alitaka jambo moja tu: Fulgencio amwone amekalia kiti chake kabla hajaondoka.

Evenor, mdogo wa marehemu, alikuja na mashine yake ya kutoboa. Kwenye kipande cha mti kilichotupwa, ilitoboa tundu kabla Nubia hajameza mate. Wakatia ulimi. Ukacheza kama jino bovu.

"Tunajaza gundi na unga wa mbao," alisema Evenor. "Nani ataona?"

"Yeye."

"Basi nichonge miguu mipya, shemeji. Dakika tu."

"Mipya haina mkono wake."

Wakajaribu patasi zilizobaki ukutani. Moja ilikuwa pana kuliko hata tundu la mashine. Nyingine ilikuwa ndogo mno. Ilibidi kupitisha mara mbili, na ukuta wa tundu ukapinda.

"Ile yake iko wapi? Ndimi hizi kazipima kwa ile."

"Nimemzika nayo."

Evenor alimkodolea macho, kisha kicheko kikamponyoka. "Mungu wangu, shemeji! Basi huko anatoboa jeneza!"

Nubia hakucheka. Alijua kwamba maneno hayo yanachekesha, kama mtu anavyojua kwamba ni Alhamisi.

Evenor akaona haya. Akaenda kwake akarudi na kitu ndani ya kitambaa chenye mafuta. Baba yao alikuwa amewapa patasi pacha. Ya Fulgencio, ile aliyozikwa nayo, ililika kwa kunolewa, ikapungua urefu, ikapungua na upana. Ya Evenor ilikuwa kama ilivyotoka dukani, maana yeye alikimbilia mashine.

"Taratibu nayo. Ndicho kitu pekee cha mzee nilicho nacho."

"Nataka kuisaga ubavuni mpaka ifanane na ile," alisema Nubia.

Evenor alishusha pumzi. "Mzee angenizaba kofi."

"Zungusha jiwe la kunolea."

Akazungusha. Nubia alishika chuma, akakisaga kidogo, akakipima kwenye ulimi, akasaga tena. Upande wa kidole ulichubuka, damu ikaingia kwenye maji ya jiwe, naye akaitazama kama damu ya jirani. Walipomaliza, patasi ya Evenor haikuwa tena ukumbusho wa baba. Ilikuwa na upana wa ndimi za Fulgencio.

Matundu aliyatoboa mwenyewe kwa patasi hiyo na nyundo ya mti, polepole, maana macho yalikuwa yameijua kazi ile kuliko mikono. Ulimi wa kwanza ukaingia kwa kugongwa, ukakwama, haukurudi. Kulipokucha akasuka kikalio.

Sala ilipokwisha, nakatamali za unga wa mahindi na nyama zikiwa bado zinafuka mvuke ndani ya majani, wanawake waliinuka kuondoa maua.

"Ngojeni kwanza," alisema Nubia.

Akaburuta kiti mbele ya picha, akavua ndala kama alivyozoea, akakaa. Nyayo zake zikatua sakafuni, zote mbili, bapa.

"Sakafu ni baridi," alisema.

"Ndivyo ilivyo siku zote, shemeji," Evenor alijibu kwa upole. "Ni vigae."

"Nikikaa, miguu huwa haifiki." Akaisugua sakafu kwa visigino. "Fulgencio, imefika. Inaniuma miguu."

Kidole nacho kikaanza kuuma. Kisha kilio kikamjia, kikubwa, mbele za watu wote, na wanawake wakarudisha maua chini wakangoja.