Gari Linalonyamaza Kabla ya Kunguruma

...na asimwambie mtu, si mwanadamu si jini, si paka wa ngazini, ndivyo Rehan alivyomwapisha, mkono wa kulia juu ya msahafu, "Sema wallahi, Dadi," naye Bi Firoza akasema wallahi, akaongeza billahi na tallahi bila kuombwa, maana mtu anayeujua ulimi wake huufunga kwa kamba tatu, na siri akaitia kwenye pindo la leso akaikalia, siku ya kwanza akaikalia, siku ya pili akaikalia inamchoma kama kaa la moto, siku ya tatu akamwambia Mbeyu, lakini Mbeyu si wa kuhesabiwa, Mbeyu huja kufua na kupiga pasi akarudi kwake Majengo, kumwambia Mbeyu ni kama kuliambia beseni, na hata hivyo alimwapisha naye pia, basi kosa liko wapi... na siri yenyewe ni kwamba ule ukurasa wa magari gazetini, unaotoka kila Jumamosi na picha ya mjukuu wake amekunja mikono kifuani kama aliyeliunda gari kwa nyundo yake mwenyewe, ukurasa wa leo haukutoka kichwani mwa Rehan hata nukta, ulitoka nyongani na mgongoni mwa nyanyake, ajuza wa miaka sabini na minne, mwenye darasa la nne na juzuu thelathini, aliyepanda gari jekundu la Abdulgani Jumapili baada ya alfajiri huku mwandishi mwenyewe ameushika ukuta anatapika chai ya maziwa, na gari lenyewe ndilo hilo hapo chini, limesimama mbele ya barza ya kahawa limeziba nusu ya Ndia Kuu, na wanaume wamelizunguka kama nzi na kashata... "Mstari wa tatu!" anasoma Aidarus, gazeti amelinyoosha kama khatibu, na sauti yake inapanda mpaka dirishani kwa Bi Firoza pamoja na moshi wa mkaa wa chini ya dele la kahawa, "sikizeni, 'kiti chake humkumbatia mtu nyongani mpaka akahema kwa zamu,' uongo mtupu! Mimi nimekaa humo sasa hivi, nyongani pamebaki nafasi ya mke wa pili!" na barza nzima ikaangua kicheko, na kikombe kikafudikizwa juu ya sinia, ka, maana hiyo ndiyo mahakama yao, kila Jumamosi baada ya laasiri, wapenzi wa magari wanajiita, wanausoma ukurasa mstari kwa mstari, uliosema kweli wanaunywea kahawa, uliosema uongo wanaufudikizia kikombe, na mwisho wanahesabu vilivyolala kifudifudi na kumpa mwandishi alama kama mtoto wa chuoni... wapenzi wa magari, ptu, Aidarus gari lake lina magurudumu matatu, tuktuk, likipakia wanawake watatu wenye afya linalia kama mbuzi wa Idd, na mwenyewe alivyokauka, kijiti cha ufagio, akae kwenye kiti gani kimbane, hata ungemsokota katika tundu la sindano angebakisha nafasi, anapima nyonga za watu kwa nyonga asizokuwa nazo, kisha kikombe kinalala, ati hukumu...

na yule Chirau, huyo ndiye kadhi wao mkuu, karani wa Kilindini, kazi yake kutazama namba zilizochongwa kwenye vyuma magari yakishuka melini, basi magari anayajua kama mwosha maiti anavyowajua watu, yamelala, yamenyamaza, hayana mafuta, na jioni anajifungia na simu anatazama video za Wajerumani, asubuhi amekuwa fundi, "ndugu zangu, kwa mujibu wa wataalamu," ndivyo anavyoanza, kwa mujibu, hata akiomba sukari ni kwa mujibu... lakini leo Bi Firoza hacheki sana, mkono umeshika nondo za dirisha, kwa kuwa kati ya vibarakashia vyote hivyo anakiona kichwa cha Rehan kikimeta jasho, na pembeni yake Abdulgani, mwenye gari, tasbihi inakwenda mkononi taratibu, amelileta mwenyewe lionekane, watu washuhudie kwamba lililoandikwa ndilo lilivyo, na Abdulgani huyo akijua nani alikaa katika kiti kile atampigia mhariri simu kabla kahawa haijapoa, na mhariri alimpa Rehan miezi mitatu ya kujaribiwa, imebaki wiki moja, wiki moja tu aandikwe kazi ya kudumu, na wanaojua ni wanne, Rehan, yeye Firoza, Mbeyu anayepiga pasi hapo nyuma, na Fondo dereva, ambaye ameegemea gari na njiti mdomoni, anatazama paa la jirani kama mtu asiyejua hata jina lake... kijana mzuri Fondo, hasemi, na watu wasiosema Bi Firoza huwashuku, mtu asiyesema ana nini tumboni... "Mstari wa nne! 'Kulishuka gari hili ni kama kutoka kwenye kitanda cha kamba kilicholegea, mguu mmoja dua, mguu wa pili bahati,'" na hapo wakacheka kicheko kingine, kile cha kukubali, mzee mmoja akasema, "Huo kweli wallahi, tazama Abdulgani anavyolishuka!" na kahawa ikanywewa, na Bi Firoza moyo ukamruka kama msichana aliyeitwa jina mbele ya darasa, kwa kuwa kitanda cha kamba ni chake, dua ni yake, miguu ni yake, aliyasema hayo palepale ngazini huku Rehan anamvuta mkono mmoja na Fondo mwingine...

Rehan maskini, tumbo lile ni la ukoo wa mamake, si la upande huu, tangu mdogo, basi la Malindi walimpandisha na kitunguu mkononi cha kunusa na mfuko masikioni umefungwa tayari, mtoto aliyetapika kwenye bembea ya sikukuu pale Makadara, juu ya kanzu mpya, leo ndiye anayewaambia Wakenya gari gani lina mbio, Mola ana mzaha wake... magari ya kawaida huyaendesha mwenyewe polepole akayaandika, haya tu ya mbio ndiyo yanayomshinda, na Abdulgani hakubali mwingine ashike usukani ila Fondo, na viti ni viwili, basi Jumapili ile walikwenda, Bi Firoza hajamaliza uradi akalisikia gari limerudi, kachungulia, mjukuu amekuwa rangi ya ndimu, "Dadi, nimekwisha, ukurasa unatakiwa leo," na yeye akasema nini, akasema, "Nipishe," buibui juu ya gauni la kulalia, na Fondo, "Bi, utaweza kushuka lakini?" "Kwanza niingie, ya kushuka ni ya Mungu," na wakaenda, Makadara, wakakata, mpaka barabara ya Mama Ngina, hapana mtu ila mfagiaji na kunguru, na Fondo akasema, "Jishike, Bi," akakanyaga, na gari likanyamaza... likanyamaza! pumzi moja, kama mtu aliyeinua uso anaingoja chafya, dunia yote ikasimama pale, bahari, kunguru, mfagiaji, halafu likanguruma, na ngurumo haikutoka mbele, ilitoka nyuma, ikaingia kiunoni ikapanda pingili kwa pingili ikatokea kwenye meno ya bandia, na yeye akacheka, kicheko cha sauti, mpaka ushungi ukaanguka na hakuuokota, mtu mzima, mjane, hajja, na Fondo naye akacheka, "Nirudie?" "Rudia, mwanangu, rudia"... kisha nyumbani, Rehan na kalamu, amejifunga kitambaa kichwani, "Ehe, Dadi, halafu? Halafu likafanyaje?" na anaandika, neno analolisema yeye linakwenda karatasini, na hilo ndilo Mbeyu hawezi kulijua wala Rehan mwenyewe, kwamba maneno ya Bi Firoza yamekwenda mjini miaka hamsini, yamebebwa na wajumbe, yametiwa pilipili, yamevunja posa mbili na kuunga moja, lakini hakuna aliyekaa mbele yake na kalamu akamwuliza, ulihisije...

"Mstari wa tano, na huu ndio mama wa uongo wote," ni Chirau sasa, gazeti amempokonya Aidarus, "'likitaka kushika kasi hunyamaza kwanza, kama mtu anayeingoja chafya, ndipo hunguruma,' jamani! Kwa mujibu wa wataalamu injini hii hainyamazi! Nimetazama Mjerumani analiendesha saa nzima, halikunyamaza hata mara moja!" hewaa, Mjerumani, saa nzima na Mjerumani na hajasikia kitu, sikio la simu hilo, mtu anaonja pilau kwa picha kisha anamsahihisha aliyeshiba... "Fondo, hebu liwashe tusikie," na Fondo akaingia, akaliwasha, likakoroma kwa adabu, la kusimama hilo, haliwezi kuonyesha kitu limesimama, mjinga gani humjua farasi zizini, na Aidarus, akirukaruka, "Aingie Rehan! Waende Mama Ngina warudi, alinyamazishe tuone!" "Aingie! Aingie!" wakadakia wote, na mlango ukafunguliwa, na Bi Firoza akaona kutoka juu shingo ya mjukuu wake inavyobadilika rangi... akiingia atatapika kwenye ngozi ya kiti cha Abdulgani, Abdulgani yupo, macho anayo, ya Rabbi, ya Latifu... "Muombee tu, Bi," akasema Mbeyu nyuma yake, pasi imesimama hewani... na Rehan akainua mikono miwili, akatabasamu tabasamu la mtu anayelipia, akasema, "Jamani, yawezekana nimekosea mimi. Chirau ana haki yake. Mstari huo nitausahihisha wiki ijayo, kwa jina langu," na Abdulgani akacheka, akampiga bega, "Muungwana huyu! Mwandishi anayekubali kosa, wangapi mnao? Gari langu halikupungua kitu, mpeni kahawa," na mlango wa gari ukafungwa, na Aidarus akasema haya yaishe, tumemsamehe, na Chirau akanyoosha mkono akakichukua kikombe, akakigeuza, ka.

Yameisha, basi... yameisha, kazi imesalimika, wiki moja itapita, sema alhamdulillahi, ajuza, funga dirisha ukapike... lakini kile kikombe, tazama kilivyolala, mgongo juu, na chini yake wamewafunika kunguru na mfagiaji na pumzi ile moja, ati uongo, ati utasahihishwa, waandike nini, kwamba halikunyamaza? Kwa ajili ya karani wa Kilindini aliyeolewa na simu? Na Rehan naye akubali hivi hivi, laini kama ugali wa mgonjwa, mstari si wake ndio maana hakuumia, angekuwa ameuzaa angeukatalia... na mkono ukawa tayari kwenye simu, jina la Rehan ni la kwanza pale, alilitia mwenyewe na picha, amnong'oneze tu, usikubali, wageuzie kikombe... "Wampigia nani, Bi?" Mbeyu ameiweka pasi, "Bi... uliapa." "Niliapa kutosema, sikuapa kutukanwa." "Bi, mimi Chirau amenihoji mara mbili wiki hii habari ya gari lile la Jumapili, yule mkewe pia, sikusema neno, nawe—" "Nyamaza, inaita," na ilikuwa inaita kweli, sikioni tuu, tuu, na chini sijui Fondo amewasha redio, muziki unatoka garini kwa nguvu, muziki anaoujua, wa simu ya nani ule, na Aidarus ameingiza kichwa dirishani mwa gari, "Lo! Gari linapigiwa simu! Nani humpigia gari? Nibonye wapi, hapa pa kijani?" na mlio sikioni ukakatika, kapokea, na Bi Firoza akaweka kiganja mdomoni ili asisikiwe, akasema, "Rehan, we mwana, usikubali hata kidogo! Linanyamaza! Mimi ndiye niliyekaa humo, mimi, wewe ulikuwa ukutani unatapika! Mwambie huyo Chirau linanyamaza kama chafya, nimelisikia kwa nyonga hizi, na huo mstari ni wangu na wa tatu na wa nne—"

na maneno yalikuwa yanamrudia, mara mbili, moja kooni na moja kutoka chini, kubwa, la spika za milango miwili ya gari, sauti ya kikongwe inayoijaza Ndia Kuu toka ukuta hadi ukuta, na ndipo akakumbuka, Jumapili ile, Rehan aliiunganisha simu yake na gari asikilize kaswida za kumtuliza tumbo, na gari, likishawashwa, halisahau... na uso mmoja ukachomoka dirishani mwa gari ukainuka, Aidarus, ukainuka wa Chirau, wa mzee, wa muuza kahawa, na tasbihi ya Abdulgani ikasimama, mtu mmoja tu hakuinua uso haraka, Rehan, alichukua muda wake, na alipouinua haukuwa na hasira, ulikuwa uso wa mtoto aliyechafua kanzu mpya mbele za watu na anatafuta nani wake... na Bi Firoza akajua, palepale, bila mjumbe, habari ya kwanza maishani mwake aliyoipata kabla ya jirani, kwamba hakupiga simu kumwokoa, Rehan alikuwa ameshaokoka, alikuwa na kahawa mkononi, na wanne waliojua, mmoja mwenye tumbo bovu amenyamaza, dereva amenyamaza, mfuaji amehojiwa mara mbili akanyamaza, na waropokaji wa chini wale wote, ptu na ptu alizowatemea jioni nzima, hata mmoja wao hajawahi kumuuza damu yake kwa mstari mmoja wa gazeti... mate yakamkauka mdomoni na hakuwa na wa kumtemea... arudi nyuma, apige pazia, aseme alikuwa anatania, ulimi ule wa miaka hamsini utafute neno, upesi... kahawa bado inafuka moshi, gari bado linakoroma kwa adabu, na dirishani, mchana kweupe, mbele ya barza nzima na mwenye gari na mjukuu wake, Bi Firoza ameshikwa na ngozi, simu ingali mdomoni, na mkono, mwanaharamu huo, unakataa kuiteremsha.