Pembe Mraba ya Mama

Mama alikuwa mhudumu wa wodi. Miaka nenda miaka rudi alipiga deki, akamwaga mabeseni na kutandika vitanda, huku akiwatazama manesi na kujiambia, hata mimi naweza. Chuo cha uuguzi kilimkwamisha kwa jambo moja tu: hesabu. Alishafanya mtihani wa kujiunga akaanguka, akarudia, akaanguka tena.

Safari hii alimshika bintiye, mwalimu wa hesabu, amfundishe. Mwalimu mwenyewe hoi. Wiki nzima amepaza sauti mbele ya darasa lililofurika, na Jumamosi alasiri, badala ya kunyoosha miguu, yuko kwenye meza ya jikoni na mwanafunzi aliyetoka zamu akisinzia.

"Mistari sambamba naielewa," Mama alisema. "Mteremko ni ule ule. Mmoja ni y = 2x + 3, mwenzake y = 2x − 7. Wanafuatana maisha yote, hawakutani. Mimi na baba yako hao."

Binti hakucheka. "Haya, sasa mstari unaoukata huo kwa pembe mraba. Mteremko wake?"

"Hasi mbili."

"Hasi nusu, Mama. Unapindua namba, unabadilisha alama. Ukizidisha mteremko kwa mteremko, upate hasi moja."

"Kwa nini hasi moja?"

"Kariri tu. Mbona una kichwa kigumu hivyo?"

Mama alifunika kalamu, akaenda kwenye sinki, akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Bega lake la kulia lilikuwa limeinama, upande anaobebea ndoo. Binti aliutazama mgongo wake. Siku hizi hata darasani, mtoto akiuliza kwa nini, jibu lake lilikuwa hilo hilo: kariri. Hakuanza kazi akiwa hivyo.

"Nisamehe, Mama. Njoo ukae."

Alichana boksi tupu la majani ya chai, akakata pembetatu: chini kipimo kimoja, wima vipimo viwili. Akaiweka juu ya karatasi.

"Ukienda kulia hatua moja, unapanda mbili. Mteremko ni mbili. Sasa naigeuza robo mzunguko. Unaona nini?"

Mama alikausha mikono kwa kanga, akainama. "Upande uliokuwa umesimama umelala. Uliolala umesimama." Akatabasamu. "Yaani mgonjwa kaamka, nesi kalala."

"Na ule upande wa mshazari, mstari wetu, unaelekea wapi?"

"Kulia mbili, unashuka moja." Akaufuata kwa kidole. "Ndiyo maana nusu. Na ndiyo maana hasi."

Kwenye mtihani waliuliza mstari unaopita (4, 1) na kuukata y = 2x + 3 kwa pembe mraba. Mama aliandika y = −½x + 3, akahakikisha, akaendelea. Maswali mengi mengine yalimpiga chenga.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu kwa alama ya chini kabisa inayokubalika. Alifika nyumbani akavua viatu, akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Nimepita, mwanangu. Kwa kujipenyeza."

"Kupita ni kupita." Binti alikaa kando yake. "Lakini chuo ni miaka, Mama. Masomo mchana, zamu usiku. Utachoka."

"Nimeshachoka. Bora nichoke nikiwa nesi."

Walikaa hivyo hivyo. Hakuna aliyenyanyuka kwenda kupika.