Kura Saba za Mama Mwenzangu

Wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda sita, dirisha moja lisilofungika, na mkunga mmoja ambaye jina lake la kwenye cheti alishaanza kulisahau hata mwenyewe. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akimwinamia kila mzazi, aliyeletwa na gari na aliyekuja kwa miguu, anamshika kiganja na kumwambia: "Sukuma, mwenzangu." Wakambandika jina la Mama Mwenzangu, likaganda.

Neno hilo ndilo lililomponza.

Mtaalamu wa kura alimfuata Jumatatu asubuhi, kompyuta kwapani, akakalia kiti cha kupimia presha bila kukaribishwa. Wodini walimpa jina la Bwana Asilimia kabla hajamaliza kujitambulisha. Chama chake kilikuwa na mgombea urais, mgombea hakuwa na mwenza, na kompyuta ilikuwa imemtaja mkunga. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Watoto elfu kumi na moja wamepita mikononi mwake. Kila mtoto ana mama, ana baba, na ana bibi mmoja mwenye mdomo. Zidisha.

"Baba wengine hawajulikani," mkunga akasema. "Hao nao umewazidisha?"

Bwana Asilimia hakucheka. Kicheko hakikuwa kwenye jedwali lake. Alieleza kwamba mwenza mzuri anaweza kuhamisha asilimia tatu ya kura, na urais uliopita uliamuliwa kwa mbili.

Mkunga aliosha mikono polepole akifikiri. Ukubwa hakuutaka. Alichotaka ni jokofu la damu. Mzazi akivuja pale, damu ilifuatwa hospitali kuu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na anayevuja hana saa mbili za kungoja. Na safari hii jambo lilikuwa nyumbani kwake. Mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi sita. Uzazi wa kwanza mtoto alikufa na godoro likatupwa. Mama mtu alipona kwa sababu mkono wa mama mkwe ulilibana tumbo la uzazi dakika arobaini bila kuachia.

"Jokofu kwanza," akasema.

Aliahidiwa jokofu ndani ya siku mia moja za utawala mpya, na Bwana Asilimia akaliandika kabisa, jambo ambalo mkunga alilichukulia kuwa dalili njema. Miaka ishirini na mbili ya kuona watu wanavyoingia duniani, na bado hakujua wanavyoongopa wakishakua.

Mabango yalipotoka, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akipiga deki wodini, aliegemea fagio akalitazama lile lililobandikwa getini. Uso wa mgombea ulijaa bango zima. Uso wa mkunga ulikuwa begani kwake, mdogo kama kovu la chanjo.

"Wifi, ndiyo umekwenda kwenye uke wenza uzeeni?" akasema. "Na bwana mwenyewe hata jicho hakutupii."

Walicheka mpaka ndoo ikamwagika. Kisha mkunga akasoma maandishi mekundu chini ya picha: SUKUMA, MWENZANGU! Hakuna aliyemwomba ruhusa.

Wodi ilikuwa ya shirika, si ya serikali, kwa hiyo aliendelea na zamu siku tatu kwa wiki. Wiki ya pili ya kampeni alimwinamia mzazi mmoja, akamshika kiganja, akasema neno lake kama siku zote. Mwanamke yule, jasho likimtiririka, akamuuliza kama hata pale kitandani anaomba kura. Vitanda vyote vikacheka. Mkunga naye alicheka, tena sana, halafu akaenda stoo akasimama akitazamana na maboksi ya glovu.

Tangu hapo vitanda vilianza kupungua watu. Wanne, wakawa wawili. Hawakumchukia. Waliogopa kuonekana, maana kupita lile geti sasa kulikuwa sawa na kunyoosha kadi ya chama.

Kwa wakwe ndiko kulikouma zaidi. Baba wa mkamwana alikuwa katibu wa tawi wa chama kingine. Miaka yote alimwita mkunga dada. Baada ya mabango akaanza kumwita mheshimiwa, na heshima haikuwamo ndani yake. Akamchukua binti yake akajifungulie kwao, akisema mjukuu wake hawezi kuzaliwa katikati ya mkutano wa hadhara.

Mkunga aliwafuata. Mkamwana alimtolea kiti uani, akazungumza kwa sauti ya chini, macho yakichungulia mlangoni.

"Mama, nikija kwako sasa, baba ataonekana hana kauli ndani ya nyumba yake. Uchaguzi ukiisha nakuja. Zimebaki wiki tatu, na mtoto amebakiza wiki tano."

Ilikuwa hesabu nzuri kuliko ya Bwana Asilimia. Hata hivyo jioni ile mkunga alimpigia simu akataka kujitoa. Akajibiwa kwamba karatasi za kura zimeshachapwa na wino umekauka.

Matokeo ya kituo chake yalibandikwa kwenye mlango wa darasa. Uchaguzi uliopita chama kilichomsimamisha kilipata pale kura mia nne kumi na mbili. Safari hii, mia nne kumi na tisa. Alisimama akizihesabu zile saba zilizoongezeka: yeye, mwanawe, wifi. Wanne waliobaki hakuwajua, akawaombea heri.

Bwana Asilimia alipokea simu kwa sauti ya mtu anayefunga mizigo. Kitaalamu, alisema, mgombea mwenza huwa hana uzito mkubwa. Watu humpigia wa juu. Saba hazitofautiani na bahati nasibu.

"Ulisema asilimia tatu."

"Nilisema anaweza."

Kesho yake adhuhuri, mshindi alipokwisha kutangazwa na barabara zimejaa honi, gari dogo la mizigo liliingia getini likiwa bado na bendera za washindi. Nyuma alilala mkamwana. Uchungu ulimshika wiki mbili kabla ya hesabu. Alikuwa amejifungulia kwao alfajiri, na damu haikukatika. Baba yake alikuwa na kofia ya chama kichwani na mtoto wa kike mikononi, amezungushiwa fulana ya kampeni.

Mkunga alimhamishia kitandani. Mwanawe, aliyekuja na mkewe, aliruka kwenye gari lilelile kufuata damu. Yeye akaingiza mkono akalibana tumbo la uzazi kama mara ile, na wifi akainua miguu ya mgonjwa. Dakika arobaini zikapita. Zikafika hamsini. Mkono ulikufa ganzi, hakuuachia. Mwanawe alipiga simu: amekwama kwenye msafara wa ushindi, watu wanacheza juu ya paa za magari.

"Nitazame, mwenzangu," mkunga akasema.

Mkamwana alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Uchaguzi umeisha, mama," akasema. "Nimekuja."

Baadaye wifi ndiye aliyemgusa bega na kumwambia autoe mkono. Mlangoni, katibu wa tawi alikuwa amevua kofia, anaikunjakunja.

"Dada," akasema.

Mkunga aliandika daftarini saa na sababu ya kifo.

Baada ya mwezi vitanda vyote sita vilikuwa vimejaa. Bango la getini lilibanduka kwa mvua, likabaki bega la mgombea. Mjukuu alilala kwenye kapu ofisini, wifi akimnywesha kwa kijiko na kumtania kwamba ndiye mheshimiwa pekee aliyewahi kutoka kwenye familia ile.

Kitanda cha tatu alikuwapo msichana, uzazi wake wa kwanza. Alimshika mkunga kiganja, akangoja, akamtazama.

"Mama yangu aliniambia kuna neno huwa unasema."

"Lilikuwapo," mkunga akasema. "Sukuma."