Mguu wa Kulia wa Mnana

Kwa miaka thelathini na miwili mzee huyu aliwaambia watu wasipumue, nao wakamtii. Alikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini. Dunia yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mzito na meza ya baridi, na mahubiri yake yalikuwa yaleyale kwa maskini na tajiri: "Vuta pumzi. Izuie. Usitikisike." Wachache walisahau kuirudisha hiyo pumzi, lakini hao walifika wakiwa na haraka zao wenyewe. Watu wakambandika jina, Mzee Usipumue, nalo likamganda hata alipostaafu.

Siku ya kustaafu, binti yake alimletea kamera yenye lenzi ndefu. Binti huyu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu wa kupanga mambo, na alikuwa amepanga kwamba baba atapiga picha za wajukuu. Baba akawapiga. Aliwasimamisha wote wanne wakiutazama ukuta, vifua vimegusa ukuta, mabega mbele, kidevu juu. Picha zikatoka safi ajabu: visogo vinne kwa mstari.

"Baba, nyuso ziko wapi?"

"Kwani nyuso zao zina shida gani?"

Wajukuu walicheka mpaka wakakaa chini, na mmoja wao, kwa huruma, akaomba picha ya kisogo chake akaitundike chumbani. Lakini hakurudi mtu kupigwa picha tena. Kamera ikahamia uwanja wa nyuma.

Uwanja wenyewe haukuwa wa kujivunia. Palikuwa na mlimau mmoja, kamba ya nguo, bomba linalodondosha maji, na beseni chini ya bomba ambamo ndege walioga bila kumwomba mtu ruhusa. Upande wa pili wa ua wa miti aliishi dada yake mkubwa, fundi cherehani mwenye miaka sabini na minne, ambaye bado alimwita "wewe mtoto." Alipoona ndege wanaogopa shuka zake nyeupe zinazopepea karibu na mlimau, alihamisha kamba yake akaifunga upande wa mbali. Alipoulizwa kwa nini, alisema kule jua ni kali zaidi. Hakukuwa na jua kali zaidi kule. Kulikuwa na kivuli kitupu.

Mvua zilipoanza alikuja mnana dume, wa manjano kama kiini cha yai, uso mweusi, kelele nyingi kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Akaanza kusuka kiota kwenye mlimau. Ndege wengine wakamwona Mzee Usipumue kuwa sehemu ya kiti chake, wakazoea. Huyu mnana hakuzoea. Alimfokea.

Mzee alivutiwa naye kwa sababu moja tu. Kidole cha nje cha mguu wa kulia kilikuwa kimevunjika zamani, kikaunga vibaya, kikapinda kama ndoano.

"Mfupa umeunga wenyewe," alimwambia dada yake kwa heshima. "Bila plasta, bila muuguzi, bila kusubiri foleni."

"Na bila mtu wa kumwambia asipumue," dada akajibu. "Ndiyo maana yuko hai."

Mzee akamwita ndege huyo Mgonjwa, na akampiga picha kila siku. Kila Jumamosi alikwenda kuzichapisha dukani, akazipanga kwenye albamu kubwa, na chini ya kila moja akaandika tarehe kwa mwandiko wa kuchorachora ambao hospitali nzima iliulalamikia.

Mvua zikaisha, baridi ikaingia. Vifaranga walioanguliwa kiotani wakaondoka bila hata kushukuru. Mgonjwa naye akaanza kuchuja. Leo unyoya wa manjano umeanguka, kesho mwingine, mahali pake pakaota kahawia. Kufikia katikati ya baridi alikuwa kahawia mtupu, hana uso mweusi, hana makelele, kama jike la shomoro lililochoka na maisha. Lakini kidole kilikuwa kilekile. Mzee alifurahi kuliko siku ya kupandishwa cheo. Akampigia binti yake simu.

"Yule wa manjano amekuwa kahawia!"

"Yupi, baba?"

"Mgonjwa! Hakuja mwingine, mwanangu. Ni yuleyule. Amegeuka."

Mwalimu mkuu alikuwa akijumlisha kichwani. Wiki mbili nyuma baba aliacha birika kwenye jiko mpaka likaungua kitako. Kabla ya hapo alimwita yeye kwa jina la marehemu mama yake, mara mbili katika mazungumzo mamoja. Na sasa ndege wanageuka rangi, na mmoja wao ni mgonjwa.

Jumapili akaja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akasema alichokuja kusema. Kuna chumba kwao, ghorofa ya sita, kina dirisha zuri. Nyumba hii itapangishwa. Mwisho wa mwezi ataleta gari la mizigo.

"Dirisha linatazama nini?" mzee akauliza.

"Linatazama jengo jingine. Lakini ni jengo safi."

Mzee hakupandisha sauti. Alijua binti yake hana ubaya. Alikuja amebeba birika jipya, na alikwisha kulijaza maji kabla ya kuketi. Lakini alijua pia kwamba mtu akishaandikwa kuwa amechanganyikiwa, hata akisema leo ni Jumapili wataangalia kalenda.

"Nipe mpaka mvua," akasema. "Mvua zikianza, huyu wa kahawia atarudi kuwa manjano, hapahapa, na wewe utamwona. Asiporudi, nitafungasha mwenyewe. Hata kamera nitakuachia."

Binti alimtazama. Alizoea kusikiliza visingizio vya watoto na alijua kutambua kisichokuwa kisingizio. "Mpaka mvua," akasema. "Na jiko utalitumia shangazi akiwepo."

"Nani amesema mimi nina nafasi?" ikauliza sauti ng'ambo ya ua. Lakini kuanzia kesho yake, asubuhi na jioni, dada alikuja na kitambaa chake cha kushona, akaketi karibu na jiko, akadai kwamba kwake mwanga ni mbaya.

Kiangazi kikaja. Nyasi zikawa kama ufagio, bomba likaishiwa hata matone, na mzee akawa anabeba maji kwa kikombe kuyatia kwenye beseni. Mgonjwa alikuja, akanywa, akapigwa picha ya mguu, akaondoka. Kisha siku moja hakuja. Kesho yake hakuja. Wiki ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikaingia, na kwenye kamba wakawa wanakaa minana wengine, wazima wa miguu, wasio na faida yoyote.

Mzee akaacha kula vizuri. Dada akaliona hilo akalivumilia siku nne, ya tano akaweka sindano chini.

"Sikiliza, wewe mtoto. Nina bizari jikoni, mfuko mzima. Tunakamata mmoja wa hawa, tunamkoroga, anatoka njano. Mwanao anajua ndege? Mwanao anajua daftari la mahudhurio."

"Na kidole?"

"Kidole tunakipinda."

"Dada!"

"Kidogo tu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na hiyo ndiyo dawa dada aliyokuwa akiitafuta. Lakini alipomaliza kucheka akatikisa kichwa. Zamani, mwaka wake wa pili kazini, aliwahi kuweka alama ya kushoto kwenye picha ya kulia, na mtu akakaa na plasta siku tatu kwenye mguu usiovunjika. Mtu yule alimsamehe, tena akacheka, lakini yeye hakucheka. Tangu siku hiyo hakuwahi kumpa mtu yeyote mfupa wa mtu mwingine, na hakutaka kuanzia kwa mnana.

"Basi utakaa ghorofa ya sita na uaminifu wako," dada akasema, akaokota sindano. Baadaye kidogo akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi nitabaki nimsimange nani?"

Mvua zikaanza Jumanne, alfajiri, kwa fujo. Jumamosi, binti akaja. Nje alikuwa ameegesha gari la mizigo na dereva ndani yake, na mikononi alibeba maboksi matupu yaliyokunjwa. Mtu wa kupanga mambo. Lakini aliyaacha maboksi mlangoni, hakuyaingiza ndani, na mzee akaliona hilo.

"Amekuja, baba?"

"Wiki ya nne leo sijamwona." Hakutaka kudanganya. "Lakini nina picha zake zote. Mwaka mzima."

Akamletea albamu. Binti akaketi, akafuta mikono kwenye sketi, akafungua.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na miguu minne. Wa pili, miguu minne. Akafunua kumi kwa pamoja: miguu. Hakukuwa na kichwa, bawa wala mkia. Ni mguu wa kulia wa ndege, mbele na ubavu, mbele na ubavu, mamia kwa mamia, tarehe chini ya kila mmoja. Kazini mzee alifundishwa kubana picha: tatizo likiwa kidole, piga kidole, usimpige mgonjwa kichwa bila sababu. Kwa mwaka mzima wa rangi zilizogeuka, Mzee Usipumue hakuwa na picha hata moja inayoonyesha rangi.

Aligundua hilo palepale, akitazama begani kwa binti yake.

"Nilisahau kwamba watu hutazama manyoya," akasema.

Binti akafunga albamu polepole. Machozi yalimjia na hakuyaficha. "Baba, mimi sitaki kukuhamisha. Naamka usiku nafikiria jiko lako. Siku uliyoniita kwa jina la mama, nilifunga ofisi nikalia, na watoto wa darasa la kwanza wakafikiri nimechapwa."

"Birika nililisahau kweli," mzee akasema. "Hilo sikatai. Na mama yako, sauti yako kwenye simu ni yake. Huwa najua si yeye. Ulimi ndio haujui."

Ni dada aliyekuwa wa kwanza kumwona mgeni, kwa sababu hakuwa akilia. Alikuwa kwenye kamba yake mpya, anaanua foronya zilizonusurika na mvua.

"Nyie! Nyie wenye msiba! Ni nani huyu anayenitukana?"

Kwenye tawi la mlimau alikuwa ameketi ndege wa ajabu, sura mbaya kuliko wote waliowahi kutua pale. Nusu ya kichwa ilikuwa nyeusi, nusu kahawia. Kifua kilikuwa na mabaka ya manjano kama ukuta ambao fundi rangi aliondoka kwenda kula akapotelea huko. Na alikuwa akifoka.

Mzee hakuigusa hata kamera. Binti ndiye aliyefungua albamu tena, akaishika wazi kifuani kama daftari la mahudhurio, akaenda mbele hatua kwa hatua, viatu vyake vya kisigino vikizama kwenye tope. Akamtazama ndege. Akatazama picha. Akamtazama tena kidole cha nje, mguu wa kulia.

"Ni huyu," akanong'ona. Akafunua mpaka kwenye tarehe ya simu ile ya baridi, siku aliyojumlisha kichwani. "Na hapa ni huyu. Baba, ni yuleyule."

"Ndivyo nilivyosema."

"Ndivyo ulivyosema."

Mgonjwa, ambaye alikuwa amechoka na mkutano huu, akaruka, akapita juu ya ua wa miti, na akajisaidia kwa kulenga kabisa.

"Foronya yangu!" dada akapiga kelele. "Mwaka mzima nahamisha kamba kwa ajili ya mshenzi huyu! Nani ataifua?"

"Mimi, shangazi," binti akasema. Alikwisha kuvua viatu. Akaipokea foronya juu ya ua, akachuchumaa penye bomba, akakunja mikono ya blauzi ya ofisini na kuanza kusugua. "Jiko litabaki vilevile," alisema bila kuinua kichwa. "Shangazi akiwepo tu. Na mimi nitakuja kila Jumamosi asubuhi."

"Asubuhi ndege ni wengi. Njoo mchana."

"Asubuhi, baba."

"Basi usivae nyekundu."

"Nitavaa ninachotaka."

"Haya."

Nje dereva akapiga honi ndefu. Ndipo wakakumbuka gari.

"Mtu amwambie aende," binti akasema, mikono imejaa povu.

"Mwambie mwenyewe," shangazi akajibu. "Sauti ya shule unayo."

Mwalimu mkuu akainua kidevu, akamwambia dereva aende zake, asante sana, samahani kwa usumbufu, kwa sauti iliyozoea kuvuka uwanja wa watoto mia sita. Dereva akawasha gari. Minana, shomoro na njiwa wote wakaruka kwa pamoja, na uwanja ukabaki mtupu mpaka kwenye majani.

"Jamani, baba. Nimewafukuza."

Mzee Usipumue alitazama kamba tupu, kisha akamtazama binti yake aliyechuchumaa matopeni akisuuza foronya ya shangazi yake. Akavuta kiti, akaketi.

"Watarudi," akasema. "Sugua na pembeni. Dada yangu hukagua."