Grisi Ndani ya Ngoma

Mwaka 1992, tulipogoma kwenye kinu tulichofanyia kazi, Delmar Quist aliuvuka mstari wetu wa mgomo kwenda kazini ndani ya basi la kampuni, uso ameuficha kwa gazeti. Nilimtambua kwa kofia. Miaka thelathini na moja baadaye, kambini Buffalo, Wyoming, trela yake ya kuishi ilikuwa hatua kumi kutoka yetu. Sote tulikuwa tunakwenda Worland kuvuna viazisukari, na kati yetu na Worland kuna mlima.

Trela yetu ilikuwa haishiki breki. Kidhibiti cha breki zake, kilicho kwenye dashibodi ya pikapu, nilikipandisha hadi mwisho, lakini kila mteremko trela ilitusukuma. Mke wangu Lavonne alikata shauri. "Orrin, mlima huo sivuki na kitu kinachonipumulia kisogoni. Utavuka peke yako."

Mimi nilikuwa ukurasa wa tatu wa barua kwa kiwanda kilichounda trela. Mabosi huiba skrubu hapa, waya pale, na anayelipa ni mtu aliye chini ya mlima. Hilo naliamini mpaka leo.

Lavonne akaenda kumwita Delmar bila kuniuliza. Delmar akaja na mita ya kupimia umeme. Nikamwambia sihitaji msaada wa abiria wa basi.

"Leo nimekuja kwa miguu, bwana," akasema, akaingia uvunguni.

Lavonne alibonyeza kidhibiti, Delmar akapima gurudumu moja baada ya jingine. Sumaku zote nne zinazokaza breki zilikuwa zinavuta umeme wake kamili, na waya zilikuwa safi. Basi ubovu umo ndani ya ngoma za breki, akasema. Nikafurahi, maana ndani ya ngoma ni kazi ya kiwanda. Nikamwambia afungue, nipate ukurasa wa nne.

Tukapiga jeki, tukavua gurudumu, tukavuta ngoma. Brekishuu, zile pedi zinazoibana ngoma, zilikuwa zinachuruzika grisi kama nyama kwenye mchuzi.

Delmar akaigusa grisi kwa kidole. Kisha akauliza beringi nazipakaje grisi. Nikamweleza: kila masika naingiza bomba la grisi kwenye ncha ya ekseli, nasukuma hadi mkono uchoke.

"Na gurudumu unalizungusha?"

"Sizungushi."

"Basi grisi haikuenea, imeipita sili, mpira wa kuizuia isifike kwenye breki. Uliisukuma wewe."

Kule kinuni mabosi walibana grisi, beringi ikakwama, roli ya mashine ikamla mwenzetu Tobias Renner mkono. Mimi ndiye niliyezima mashine. Siku hiyo niliapa kwamba hakuna chuma changu kitakachokosa grisi. Delmar alikuwepo pia. Aliitazama ngoma, hakulitaja jina la Tobias, nami sikulitaja.

Brekishuu zikishakunywa grisi hazisafishwi. Tulinunua breki mpya na sili za magurudumu yote manne, na kazi ikatuchukua siku mbili. Sijamsamehe, wala yeye hakuomba. Alinikopesha spana, nikamrudishia zikiwa safi.

Asubuhi ya tatu niliendesha polepole barabara ya kambi, nikabonyeza breki za trela peke yake. Trela ikaishika pikapu kwa nyuma, nikasimama. Lavonne alikuwa kando ya barabara na mkoba wake. Akashika mpini wa mlango, hakuufungua.

"Kosa lilikuwa la nani?"

Nikaanza kueleza jinsi viwanda vinavyounda sili dhaifu. Akaendelea kusimama, upepo ukimpiga.

"Langu," nikasema.

"Rudia. Miaka arobaini sijalisikia hilo."

Nikarudia. Akapanda, akafunga mkanda.